Kibao Kilichotazama Ukuta

SURA YA SITA

Binti wa Babu Funguo alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi tangu kulipokucha, mfuko wa nguo za baba yake mapajani. Inspekta alipoingia kituoni saa mbili kasorobo asubuhi alijua kwamba hatafika mezani kwake bila kusimamishwa.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Sina hamu. Nimeambiwa wanampeleka mahakamani leo."

"Saa nane mchana." Inspekta aliketi kando yake. Magoti yalikuwa yanauma. Siku mbili mfululizo alikuwa amepanda na kushuka kilima cha ngome, na leo ilikuwa ya tatu. "Mkuu wa kituo ameshasaini. Jalada liko mikononi mwangu mpaka saa nane. Likishafika mahakamani si langu tena."

"Na kosa ni lilelile?"

"Ni lilelile. Mauaji."

Binti aliukumbatia mfuko. Alikuwa muuguzi, bado amevaa viatu vyeupe vya kazini, na macho yake yalionyesha zamu mbili zilizopita bila kulala.

Mambo yenyewe yalikuwa machache, na ndiyo maana Mkuu wa kituo aliyapenda. Siku ya Jumanne ngome ilifungwa kwa wageni kwa sababu ya maandalizi ya maonyesho mapya. Ndani walikuwamo watu wanne tu: Mkurugenzi wa makumbusho, mtunza nyaraka aliyekuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano na aliyeitwa Bi Penseli kwa sababu hakumruhusu mtu kuingia na kalamu ya wino chumbani kwake, mzee mashuhuri aitwaye Mzee Arobaini aliyewahi kufungwa humo, na Babu Funguo, mlinzi wa lango. Jumatano asubuhi Bi Penseli alikutwa amekufa chini ya ngazi za hodhi, lile hodhi kubwa la maji ya mvua lililochimbwa ndani ya mwamba chini ya ngome. Mlango wa hodhi ulikuwa umefungwa kwa kufuli kutoka nje. Ufunguo wa kufuli ulikuwa kiunoni mwa Babu Funguo.

Kilichombana zaidi ni vibao. Kwenye mlango wa hodhi palikuwa na ubao wenye vibao kumi na viwili vya shaba, vyenye namba moja mpaka kumi na mbili. Anayeshuka anachukua kimoja, akipanda anakirudisha. Mlinzi hafungi mlango kabla vibao vyote havijatimia. Jumanne saa kumi na moja jioni vilikuwa vimetimia, ingawa mtu alikuwa chini. Nani basi alikirudisha cha Bi Penseli? Mkuu wa kituo alisema swali hilo hata mtoto angelijibu: ni yule anayeshika vibao kila siku.

"Ile picha mnayo?" binti aliuliza.

"Ya jioni ya Jumanne? Tunayo. Mkurugenzi alituchapia."

"Kwa mashine yake ile? Ile inatoa wino kama inatoa sadaka." Alitoa simu. "Mimi ninayo yenyewe. Baba anapiga picha ubao kila jioni akishafunga, ndiyo utaratibu. Lakini kumtumia Mkurugenzi hajui. Ananitumia mimi, mimi ndiyo nampelekea. Mwaka wa pili huu."

Inspekta aliipokea simu, akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili. Katika nakala aliyokuwa nayo kwenye jalada vibao vilikuwa madoa kumi na mawili ya kijivu. Hapa vilikuwa vinang'aa, na namba zilisomeka. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kisha duara tupu la shaba. Kisha nane.

"Cha saba hakina namba."

"Kimegeuka tu, Afande."

"Nionyeshe Jumatatu."

Jumatatu namba zote zilitazama mbele. Jumapili pia. Inspekta alirudi nyuma mwezi mzima, kisha akaruka akaangalia mwaka jana, huku akilamba kidole kana kwamba anafungua kurasa. Hakuna kibao hata kimoja kilichotazama ukuta.

"Baba yako anavitundikaje?"

Binti aliushika mfuko kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nina saa sita. Nikipanda ngazi zile, zinabaki tano."

"Mkurugenzi akijua atamfukuza kazi."

"Afukuzwe kazi au afungwe maisha. Chagua wewe, mimi nimechoka kuchagua."

Binti aliangalia huku na huku, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga tu na vivuli. Kibao anakipapasa namba kwa kidole gumba, akishaipata ndiyo anakitundika. Kuhesabu, anahesabu kwa kung'aa. Ndiyo maana hasemi kitu. Anaona heri aitwe muuaji kuliko kuitwa kipofu aliyewafungia watu milango."

Inspekta alimrudishia simu, kisha akaidai tena. "Hii nitaondoka nayo. Nitakuandikia risiti."

* * *

Ngome ilionekana kutoka kila mtaa wa mji. Watu walianika nguo zao chini yake, wakapanga foleni za benki chini yake, wakazika chini yake, na wengi hawakuwahi kuipanda tangu safari za shule. Gari liliishia kwenye uwanja wa chini. Kutoka hapo zilikuwa ngazi mia tatu na kumi na sita. Inspekta alikuwa amezihesabu Jumatano na Alhamisi, na leo aliapa hatazihesabu.

"Mia na arobaini," alisema Sajini nyuma yake, kijana mnene mwenye moyo mwepesi, akihema. "Afande, hawa waliojenga huku juu, walikuwa wanamkimbia nani?"

"Beba vibao, acha maneno."

Vibao vilikuwa kwenye mfuko wa nailoni. Askari wa kwanza waliofika Jumatano walivizoa vyote pamoja kama mtu anayenunua vitunguu, na alama za vidole zikawa uji. Picha ya binti ndiyo pekee iliyokumbuka kila kimoja kilivyokaa.

Mkurugenzi aliwapokea langoni. Alikuwa mtu wa shati safi na maneno mengi, na tangu Jumatano maneno yake yalikuwa na tundu moja: aliandikisha kwamba aliondoka saa kumi na moja, wakati Babu Funguo alisema saa tisa.

"Nimeulizia mjini," Inspekta alisema. "Saa tisa na nusu ulikuwa kwenye ofisi ya utalii, umevaa tai."

Mkurugenzi alitazama viatu vyake. "Nilikuwa kwenye usaili."

"Wa nini?"

"Wa kazi nyingine, Afande. Kazi iliyo ghorofa ya chini. Tafadhali, bodi yangu haijui."

Sajini alicheka, akajikohoza. Inspekta alifuta mstari mmoja kwenye daftari lake. Siku mbili alizozipoteza juu ya uongo huo zilimpita kichwani na kwenda zao.

"Nieleze kuhusu ngome," alisema. "Si kuhusu kifo. Nieleze kama mgeni aliyekata tiketi."

Hilo Mkurugenzi aliliweza. Aliwapeleka kwenye ukuta wenye mizinga, mji ukiwa umetandazwa chini hadi kwenye viwanda. "Wageni wote wanaamini ngome ilijengwa kuulinda mji. Sasa hesabu wewe mwenyewe. Mizinga minne inatazama nje. Minane inatazama mji. Bi Penseli ndiye aliyelisema hilo kwanza. Sisi tulikuwa tunaifuta vumbi tu. Aliyeijenga aliwaogopa wenyeji kuliko maadui. Miaka mia baadaye wakaja wengine, wakashusha bendera, wakapandisha yao, mizinga wakaiacha ilivyo. Kisha ikawa kambi ya jeshi. Kisha gereza, miaka thelathini na mmoja. Mawe ni yaleyale. Hata hodhi ni lilelile: askari walilichimba, wafungwa wakateka maji yake, sasa watalii wanalipiga picha."

"Na vibao?"

"Vya gereza. Tumerithi."

"Kibao kikitazama ukuta, maana yake nini?"

Mkurugenzi aliinua mabega. "Shaba ni shaba. Angekuwepo yeye angekujibu."

"Basi tumuulize yeye. Nipeleke chumbani kwake."

* * *

Chumba cha nyaraka kilinuka karatasi na dawa ya mchwa. Juu ya meza palikuwa na penseli sita zilizochongwa, zimelala sambamba. Inspekta alikipekua Jumatano akitafuta barua za vitisho au za mapenzi, asipate kitu. Leo aliomba aelezwe jinsi mwenye chumba alivyokuwa akifanya kazi.

"Alikuwa msumbufu," Mkurugenzi alisema, na sauti yake ikakwaruza kidogo. "Daftari likitoka rafuni, hata kwa dakika tano, anaweka karatasi mahali pake: jina la daftari, siku, linakwenda wapi. Hata akilichukua mwenyewe. Nilimwambia, mama, unajiandikia mwenyewe? Akasema, siku moja nitasahau."

Inspekta na Sajini waligawana rafu. Ilikuwa kazi ya kuinama na kuinuka, na mgongo wa Inspekta uliipinga waziwazi. Saa nzima ilipita. Ndipo Sajini alipovuta kipande cha karatasi kati ya majalada mawili ya kahawia, akakisoma:

"'Daftari la zamu la askari jela, la mwisho. Jumanne. Nimeshuka nalo hodhini. Litarudi kabla sijaondoka.'"

Walitazamana.

"Hakukuwa na daftari karibu na mwili," Sajini alisema.

"Hakukuwa nalo. Angalia kama alinakili kitu. Mtu wa namna hii hatoki na daftari bila kunakili."

Nakala zilikuwa kwenye droo ya chini, ndani ya bahasha isiyofungwa: kurasa tatu za mwandiko mdogo wa penseli. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kanuni za zamu. Inspekta aliusoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti, akausoma tena kwa sauti.

"'Mfungwa akishuka kuteka maji, askari wa zamu ageuze kibao chake, uso utazame ukuta. Akipanda, kigeuzwe kama kilivyokuwa. Vibao visitoke katika chumba cha askari. Mfungwa asiviguse wala asivione.'"

"Kwa hiyo cha saba..." Sajini alianza.

"Aliyekitundika alikuwa na mtu chini, na alijua." Inspekta alifunua ukurasa wa pili. "'Namba Arobaini. Ameshuka saa nne. Kibao bado kinatazama ukuta.' Siku ya pili. 'Namba Arobaini. Kibao bado kinatazama ukuta.' Siku ya tatu. 'Namba Arobaini ameondolewa kwenye orodha.'"

Mkurugenzi aliyekuwa amejiegemeza mlangoni alisimama wima. "Haiwezekani, Afande. Namba Arobaini hakufa. Mzee Arobaini yuko hapo uani, anakunywa chai. Maonyesho yanafunguliwa kesho, picha yake ndiyo iko langoni!"

Pembeni mwa ukurasa wa tatu, kwa mwandiko uleule mdogo, Bi Penseli alikuwa amejiandikia mstari mmoja: *Nimuulize mwenyewe. Taratibu, pasipo watu. Ni mzee.*

Inspekta aliikunja karatasi kama ilivyokuwa. Saa yake ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

"Sajini. Kavitundike vibao kwenye ubao, vyote, namba mbele. Kisha nisikilize nitakalokwambia, na usiongeze utani wako."

* * *

Mzee Arobaini alikuwa kwenye kiti chake cha kila siku, kivulini mwa ukuta, fimbo kati ya magoti. Alikuwa mrefu hata akiwa ameketi. Shingoni, kwenye kamba nyeusi, kilining'inia kibao cha shaba kilicholika kwa kushikwashikwa. Watoto wa shule wa miaka mingi walikuwa wamekishika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepanda tena? Utapungua mpaka tukukose."

"Ningepungua magotini ningeshukuru." Inspekta alivuta kigoda. "Nilikuja hapa nikiwa darasa la tano. Uliniruhusu nikishike hicho."

"Na ukalia?"

"Nililia. Nikaandika insha, mwalimu akaibandika ukutani."

Mzee alitabasamu kwa namna ya mtu aliyezoea kusikia hivyo. "Uliza unachotaka kuuliza. Yule mwenzangu wa lango bado mnamshikilia?"

"Bado. Jumanne uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi. Muulize."

"Amesema saa kumi. Ulishuka hodhini?"

"Kwa miguu hii? Mwaka wa tatu sijaiona ngazi ya kwanza."

"Bi Penseli ulimwona?"

"Asubuhi. Aliniletea chai. Mtoto mwema, alikuwa ananiita babu." Aliyashusha macho kwenye kikombe. "Namsikitikia."

"Mzee, nisaidie kidogo. Nataka kupima ngazi za hodhi, na kile chumba sikijui vizuri. Ni hatua kumi tu kutoka hapa."

Mzee aliinuka. Aliinuka vizuri zaidi kuliko Inspekta.

Chumba cha askari kilikuwa kidogo, dirisha moja lenye vyuma, meza moja ya mbao. Upande wa kulia palikuwa na mlango wa hodhi, na ndani yake giza lenye harufu ya maji yaliyolala. Kando ya mlango ulisimama ubao. Enzi za gereza ulikuwa na misumari sitini. Sasa misumari kumi na miwili tu ndiyo ilikuwa na vibao, mingine ilibaki mitupu na kutu zake.

Sajini alichukua kibao namba tatu, akawasha tochi, akashuka. Nyayo zake zilisikika moja moja.

"Afande!" aliita kutoka chini, na sauti ikaja juu kana kwamba amesimama mezani. "Huku kuna baridi, mngenipa mkataba kwanza!"

"Hesabu ngazi!"

"Nimesahau kukuachia kibao! Si umesema kibaki juu?"

"Kirushe."

Kibao kiliruka kutoka gizani, kikagonga kizingiti. Inspekta alikiokota. Mkono mmoja ulikuwa na daftari, mwingine na kalamu na utepe wa kupimia. Alimpa mzee kibao bila kumtazama, kama mtu anavyomshikisha mwenzake mwavuli.

"Niwekee hapo, Mzee, mikono yangu imejaa. Sajini! Ngazi ya ngapi hapo?"

"Ya thelathini na moja!"

Alisikia hatua mbili za fimbo. Alisikia shaba ikigusa msumari. Aliandika *thelathini na moja*, akapiga mstari chini yake, ndipo alipoinua uso.

Moja, mbili. Duara tupu. Nne.

Mzee naye alikuwa anakitazama. Mkono wake ulikuwa bado hewani. Alianza kuunyoosha tena kuelekea ubaoni.

"Kiache," Inspekta alisema.

Mkono ulisimama.

"Mfungwa hakuruhusiwa kuuona ubao huu, Mzee. Hakuwahi kuingia chumba hiki. Nani alikufundisha kugeuza kibao mtu akiwa chini?"

"Kimegeuka chenyewe."

"Na cha Jumanne kiligeuka chenyewe?" Aliweka simu ya binti mezani, picha ikiwa imekuzwa. "Babu Funguo anapapasa namba kwa kidole. Miaka miwili, kila jioni, hajakosea hata mara moja. Ulitaka aone vibao vyote vimetimia ili afunge. Ukakitundika. Lakini mtu alikuwa chini, na mkono wako haukuweza kusema yuko juu."

Mzee alitafuta ukingo wa meza kwa mkono, akaketi juu yake. Inspekta alimwambia, kwa maneno ya kazi, kwamba halazimiki kujibu na kwamba atakachokijibu kitaandikwa.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," mzee alisema hatimaye. "Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Zamu zilikuwa ndefu, Arobaini alikuwa na maneno. Tuliongea kwenye tundu la mlango. Alinieleza kila kitu: alivyokamatwa, mke wake, nyumba aliyoiacha bila paa. Yote ninayowasimulia watoto ni kweli. Hakuna hata neno moja nililolitunga."

"Ila si yako."

"Si yangu."

"Nini kilimpata?"

"Aliteleza akiteka maji. Mkubwa wa zamu akasema tusishuke mpaka kibali kitoke mjini. Tukasubiri kibali."

"Aliita?"

Mzee alitazama mlango wa hodhi. Chini, Sajini alikohoa, na kikohozi kikawafikia chumbani kikiwa kizima.

"Aliita."

"Na baadaye?"

"Mwezi uleule gereza likavunjwa. Watu walipanda kilima kama maji, wanakumbatia kila wanayemkuta. Mimi nilikuwa nimevua sare, nimebaki na shati. Nilikuwa nimeficha kibao chake mkononi, sijui kwa nini, nilitaka nimpelekee mkewe. Mtu mmoja akakisoma. Akapiga kelele, 'Arobaini!' Wakanibeba mabegani mpaka sokoni. Sasa wewe niambie, mwanangu. Uko mabegani mwa watu, wanalia kwa furaha. Utasema nini?"

"Nishusheni."

Mzee aliinamisha kichwa. Fimbo ilianguka, hakuna aliyeiokota.

"Jumanne," Inspekta alisema.

"Aliniomba tushuke naye. Nilishuka, miguu yangu haina neno. Tukasimama ngazi za juu, akafungua daftari, akanisomea. Alikuwa analia yeye, si mimi. Aliniambia, babu, maonyesho tutayasogeza mbele, utayasema mwenyewe kwa maneno yako, mimi nitasimama karibu nawe. Nikamwambia nipe daftari. Akasema daftari lazima lirudi rafuni." Alivuta pumzi. "Nililivuta. Naye hakuliachia. Kisha akaliachia."

"Kibao chake?"

"Kilimtoka, kikabaki pale miguuni pangu."

"Daktari anasema aliishi karibu saa nzima baada ya kuanguka."

Mzee aliishika kamba ya shingoni.

"Mzee, umesikia Sajini akikohoa huko chini. Aliita?"

"Aliita mara mbili," mzee alisema. "Aliita 'Babu'."

Inspekta aliandika. Kalamu ilikwama kwenye karatasi, akairudia herufi. "Daftari liko wapi?"

"Nyumbani, chini ya godoro. Nilitaka kulichoma, nikashindwa. Ule mwandiko ni wangu wa ujanani."

"Sajini!"

"Afande!" Sauti safari hii haikuwa na utani.

"Umeandika?"

"Neno kwa neno."

"Panda."

Inspekta alitoka uani kupiga simu, akasimama mahali ambapo angeweza kuwaona wote wawili. Mkuu wa kituo alimuuliza mara tatu kama ana uhakika. Alimjibu mara tatu. Alipoomba askari wawili waende na hati ya upekuzi nyumbani kwa Mzee Arobaini, Mkuu akasema, "Yuleyule?" na yeye akasema, "Yuleyule."

Aliporudi, Sajini alikuwa ametokeza mlangoni, magoti yana tope. Mzee aliinuka, akanyoosha mkono ubaoni, akakigeuza kibao namba tatu, namba mbele.

"Amepanda," alisema, bila kumwambia mtu.

Kisha aliivua ile kamba nyeusi shingoni. Ilikwama kwenye sikio, Inspekta akamsaidia kuitoa. Mzee alitafuta msumari mmoja kati ya ile mitupu, na hakuutafuta sana. Akakitundika kibao chake hapo, uso ukitazama ukuta.

"Afande," Sajini alinong'ona, "hicho si kielelezo?"

"Ni kielelezo. Kipige picha, kiandike, na leo kilale hapo. Kesho nitapanda nikichukue."

Sajini alimtazama magoti, akatoa simu apige picha.

* * *

Gari la mahakama lilikuwa limewashwa uani mwa kituo, saa nane kasoro dakika tano. Liliondoka bila Babu Funguo. Yeye aliketi kwenye benchi la mapokezi, shati safi alilobadilishwa na binti yake likiwa limefungwa kifungo kimoja kombo, uso umeinuliwa kuelekea mwanga wa mlango. Inspekta aliketi kando yake. Miguu ilikuwa haimwambii kitu tena.

"Babu, macho yako yanatibika. Binti yako ameniambia. Ni suala la kwenda."

"Ameniambia na mimi, kila siku." Mzee alipapasa kiuno mahali funguo zilipokuwa zikining'inia. "Yule mtoto wa penseli. Nilimfungia mlango mimi. Kwa mkono wangu."

"Ulihesabu, Babu. Vilitimia."

"Vilitimia," mzee alisema polepole. Kisha akauliza, "Leo lango nani amefunga?"

"Sajini."

"Amehesabu vibao?"

"Nimehesabu mimi."

"Vingapi?"

"Kumi na vitatu."

Babu Funguo alikunja uso. "Ni kumi na viwili, mwanangu. Miaka kumi na minne navihesabu."

"Ni kumi na vitatu sasa. Ukirudi kazini utakikuta kimoja ubaoni, au utakuta msumari wake. Kinatazama ukuta." Inspekta alimfungua kile kifungo kilichokwenda kombo, akakifunga mahali pake. "Usikigeuze."